Bomba Chini ya Mkeka

Lori la Kasongo lilipomshusha Placide kando ya barabara, na mabomba yake ya udongo yamefungwa kwa majani makavu ya mgomba yasivunjike, Régina alitimua mbio. Hakukimbia kwa hofu, alikimbia kwa adabu. Kwao, mama hasimami mbele ya mume wa binti yake, hamtazami usoni wala hasemi naye, mpaka mjukuu wa kwanza azaliwe na wote wawili wampakate. Basi akajificha nyuma ya jiko, akavuta kitambaa mpaka machoni, kisha akachungulia pembeni mwa ukuta huku moyo ukimdunda. Mabomba yalikuwa yamefika kweli, na mkwe alikuwa amekuja nayo mwenyewe. Alitamani kupiga vigelegele, akajiziba mdomo kwa kiganja.

Mwanamke mzima anashangilia mabomba? Ungeuona uwanja wake usingeuliza. Tangu Bulamatari, yaani serikali ya Wabelgiji, aliponyanyua barabara ya Kasongo kwenda Kabambare ili magari yasikwame, maji yote ya barabarani yaliamua kwamba kwao ni kwa Régina na Gérard. Mvua ikinyesha kidogo, uwanja ulikuwa bwawa. Ikinyesha sana, vyungu vilielea jikoni. Bata wa majirani walikuja kuoga bila kubisha hodi. Wapita njia walikuwa na mchezo wao wa kumuuliza Régina samaki wake anawauza lini, naye alikuwa na majibu yake, ambayo si ya kuandikwa hapa.

Lakini Léontine, binti yake wa pekee, aliposhika mimba, mzaha ulikwisha. Mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa mke. Mama ambaye binti yake anajifungulia kwingine, kijiji kizima hujiuliza mikono yake ina kasoro gani. Régina alikuwa amekwisha kukandika chumba, ameweka kitanda, amerundika kuni za kuchemshia maji ya kumkandia mzazi. Ndipo mvua za kwanza zilipomkuta Mama Marie-Thérèse, mama yake Placide, amekuja kutoka Lusangi kumsalimu mkwewe Léontine, aliyekuwa amekwisha kurudi kwa mama yake. Alizama kwenye tope, akaacha kiatu kimoja humo, na kabla hajanawa miguu akasema neno lake: mjukuu wake hatazaliwa kati ya vyura. Angerudi Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Akikuta uwanja mkavu, vyema; akikuta maji, atamchukua Léontine akajifungulie Lusangi. Gérard, badala ya kumtetea mkewe, alikuna kichwa akasema mama huyo hajakosea. Régina alilia kwa hasira siku ile, maana hata yeye alijua hajakosea.

Placide alikuwa fundi mwashi huko Kasongo, mtu wa maneno machache, na sasa alikuwa amebanwa kati ya mama wawili. Aliomba ruhusa kazini, akapakia mabomba, mfuko wa saruji na vyombo vyake, akaja. Mpango wake ulikuwa huu. Zamani, kabla kijiji hakijahamishiwa barabarani, Bulamatari alikuwa na nyumba ya wageni pale juu, na mafundi wake walilaza bomba nene la udongo chini ya ardhi ili lipeleke maji ya mvua kwenye kijito cha Kalonda. Nyumba ilibomolewa, matofali yakabebwa, lakini bomba hakuna aliyejisumbua kulifukua. Chifu mwenyewe alisema halina mwenyewe, atakayelitumia alitumie. Placide angechimba shimo mahali pa chini kabisa pa uwanja, alijengee kwa matofali na kulifunika kwa wavu wa chuma wa kuzuia majani. Kutoka shimo hilo angelaza mabomba mapya kwa mteremko hadi yakutane na lile la zamani. Mdomo wa bomba la zamani ulionekana kule kijitoni, katikati ya matete. Ila kutoka pale linapinda vipi chini ya uwanja, waliolilaza walikwisha kufa au kuhama.

Régina alijua. Mwaka uliopita, akilima viazi karibu na kichanja cha vyombo, jembe lake liligonga kitu kigumu. Alifukua akaona mgongo mwekundu wa bomba, akaufukia upesi kwa kuogopa faini ya kugusa kitu cha Bulamatari. Alimwambia mumewe tu, na mumewe alicheka. Sasa jioni ile alimwambia tena, kwa kunong'ona: amwambie mkwe bomba liko pale kwenye kichanja. Gérard ndiye aliyekuwa mdomo wa nyumba. Alitoka nje, akakohoa kama mzee wa baraza, akamwambia Placide kwamba bomba linapita kwenye jiko la zamani, upande mwingine kabisa.

Régina aliyasikia yote. Gérard aliporudi ndani alimuuliza kwa nini amepindua maneno yake.

"Mimi ni mwanaume, najua kazi ya Bulamatari," Gérard alimjibu. "Wewe unajua mihogo."

Kumpinga mume mbele ya mkwe ni aibu, na kumpinga wakati mkwe amelala hakusaidii kitu. Kulipokucha, kapita, msimamizi wa kazi za Bulamatari, alipita akipiga filimbi kuwaita wanaume kwenye kazi ya barabara, na Gérard akatia jembe begani akaenda zake, hana hili wala lile. Léontine naye hakuwepo. Alikuwa amepelekwa kwa Clémentine, mdogo wake Régina, mwisho wa kijiji, kwa sababu mwenye mimba hakai penye shimo lililo wazi, wala habari za shimo haziletwi masikioni mwake. Basi wakabaki wawili uwanjani: mmoja anajua na hana ruhusa ya kusema, mwingine ana chepe mkononi na hajui.

Placide alimaliza shimo la matofali upesi. Alipoanza mtaro wa mabomba, Régina alimwona anaelekea moja kwa moja kwenye jiko la zamani. Alishika kichwa. Lakini akili ya mwanamke anayetaka mjukuu hailali. Alichukua mkeka na ungo wa karanga, akajifunika vizuri, akatembea ubavu ubavu mpaka kwenye kichanja cha vyombo, akatandika mkeka juu kabisa ya mahali jembe lilipogonga, akaketi akimpa mkwe mgongo. Adabu ilikuwa kamili. Alianza kubangua karanga kwa makeke, akijisemea kwamba kijana mwenye akili akimwona mama mkwe wake ameketi juani pasipo sababu, atajua sababu ni nini.

Kumbe Placide alikuwa na malezi. Alipomwona mama mkwe ameketi pale, alishtuka, akageuza uso, na mtaro wake ukageuka pamoja naye. Kuchimba kuelekea alipoketi mama mkwe! Hata mlevi asingefanya hivyo. Aliupinda mtaro mbali zaidi, akachimba kwa bidii mpya, jasho likimtiririka, kama mtu anayeomba radhi kwa chepe. Régina akidhani hajaonekana vizuri, akasogea kidogo na kukohoa. Placide akaupinda tena. Kufika jua la utosi, mtaro ulikuwa umezunguka nusu ya uwanja na haukuwa umekaribia bomba hata kwa bahati mbaya.

Régina aligeuza shingo kidogo, akautazama ule mtaro uliopinda kama utumbo wa mbuzi, na ghafla akaelewa. Alikuwa ameikalia bahati yake mwenyewe! Kicheko kilimpanda, akakimeza kwa shida, karanga zikamwagika kwenye ungo. Haya basi. Kama kijana anakimbia pale alipo yeye, kazi ni kuketi kila mahali asipotaka achimbe.

Aliinuka, akakunja mkeka, akaupeleka kwenye jiko la zamani, akaketi pale pale alipoelekeza Gérard. Placide akaacha kuchimba huko mara moja, akasogea katikati. Régina akangoja kidogo, akajifanya jua linamchoma, akahamia upande wa barabara. Placide akasogea upande wa chini. Akahamia kwenye mpapai. Placide akarudi nyuma. Alikuwa akimswaga kama kuku anayepelekwa bandani, bila kumtazama, na kila alipotandika mkeka moyo wake uliruka juu zaidi. Jirani yao Pascaline alisimama barabarani na ndoo yake kichwani, akauliza kama mkeka una kunguni. Régina akaukung'uta mkeka. Mwishowe kijana wa watu hakuwa na mahali pengine pa kutia chepe ila mbele ya kichanja cha vyombo.

Chepe likagonga.

Placide alipiga magoti, akafukua kwa mikono, na mgongo mwekundu wa bomba ukatokea, mzima, hauna hata ufa. Aliufuta kwa shati lake. Kwa mara ya kwanza tangu afike alicheka, peke yake, mtaroni, na Régina nyuma ya mpapai alikuwa anacheka naye, mikono kifuani. Kama desturi ingemruhusu angemkumbatia.

Kupata bomba ni jambo moja, kujua kama linapitisha maji ni lingine. Placide alitoboa tundu taratibu juu ya bomba, kwa patasi na nyundo ndogo, akipiga na kungoja, akipiga na kungoja. Kisha akachanganya ndoo ya maji na mkaa uliosagwa yawe meusi. Ikabaki mtu wa kwenda kutazama kijitoni kama yanatokea. Akatazama huku na huku, akakohoa, kisha akaliegemea chepe lake.

"Wewe chepe," alisema kwa sauti ya kusikika, "nani atatuangalilia kule chini kama maji inatoka?"

Régina aliduwaa. Kumbe kijana naye si mjinga. Alimtafuta kuku wake mwekundu kwa macho akamwambia, "Wewe kuku, mimi naenda ku Kalonda. Mutu akimwanga maji, mimi niko kule." Kuku hakujali, lakini chepe lilielewa, na Placide akainua ndoo.

Alishuka kijitoni akikimbia, umri wake akiusahau nyumbani. Aliyatenganisha matete, akachuchumaa mbele ya mdomo wa bomba. Hakuna kitu. Alisikia kwa mbali maji yakimwagwa, akangoja, roho juu juu. Hakuna kitu. Alitia mkono ndani mpaka begani, akakuta mizizi imeshikana na tope limekauka, miaka na miaka ya uchafu. Alivunja mti, akachokonoa, akavuta, akachokonoa. Tope lilimrukia usoni. Alikuwa anaomba na kutukana kwa pumzi moja, na Mungu peke yake ndiye aliyechagua cha kusikia. Bonge moja la mizizi likaachia, bomba likakoroma, na maji meusi yakamrukia mapajani kwa nguvu.

"Enyi vyura!" alipiga ukelele kuelekea juu. "Maji imefika! Imefika yote!"

Kutoka uwanjani chepe lilipigwa juu ya jiwe mara nyingi, kwa shangwe.

Ijumaa asubuhi Placide aliunganisha. Régina alitazama kila kitu kutoka mlangoni, kitambaa machoni lakini si sana. Mkwe alilaza mabomba mapya shingo ndani ya shingo, akipima mteremko kwa chupa ya maji iliyolala ubavuni. Alipofika kwenye lile la zamani hakuliingiza la kwake wima. Alililaza upande, likielekea kule maji yanakokwenda, ili maji mapya yajiunge na ya zamani bila kupigana nayo. Kisha akaziba kiungio kwa saruji, kwa kiganja, polepole, kama anayempaka mtoto mafuta. Saruji ikaisha yote hapo. Régina alimwachia ukingoni kapu la udongo wa kichuguu aliouponda na kuukanda mwenyewe, akaondoka bila neno. Placide aliuona, akaupokea kwa mikono miwili ingawa hakuna aliyekuwa anamkabidhi, akakifunika nao kile kiungio.

Kilichobaki ni subira. Saruji ilihitaji kukauka mpaka kesho. Placide alijaza gunia udongo, akalifunga kamba, akaziba nalo mdomo wa bomba jipya ndani ya shimo la matofali, ili tone lisipite kabla ya wakati. Gérard alikuwa amesharudi tena barabarani kwa kapita, baada ya kuutazama mtaro na kusema kwamba ndivyo alivyoelekeza.

Mchana mawingu yakatanda kutoka upande wa Nyangwe.

Kwanza Régina hakutaka kuyaamini. Upepo ulipoanza kung'oa majani ya paa, aliamini. Mvua ilikuja kwa kishindo, mvua ya kweli, na barabara ya Bulamatari ikafungua mikono yake ikamwaga kila kitu uwanjani. Maji yalijaza shimo la matofali, yakafurika, yakaanza kupanda. Placide alisimama kando ya shimo, maji magotini, kamba ya gunia mkononi. Régina alisimama mlangoni. Alijua hesabu yote bila kuambiwa. Wakifungua sasa, maji yataikosha saruji mbichi, kiungio kitaachia, na hakuna saruji nyingine wala ruhusa nyingine ya kazi. Wasipofungua, maji yataingia chumba cha Léontine, na Mama Marie-Thérèse anakuja kesho.

Mara akamwona Placide anayumba. Uzito wa maji ulikuwa unalisukuma gunia ndani ya bomba, na kamba ilikuwa inamponyoka. Alichuchumaa, akaivuta, akateleza, akaanguka, akainuka na kamba ingali mkononi lakini imefupika. Gunia likizama mle ndani litaziba bomba milele.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Régina alitupa kitambaa chake, akaingia majini mpaka mapajani, akaishika kamba mbele ya mikono ya mkwe wake, wakavuta pamoja, uso kwa uso.

Placide akafumba macho kwa haya. Régina hakuwa na nafasi ya haya.

"Mukwe," alisema. "Sasa?"

"Bado, mama," Placide alijibu, macho yamefumbwa. "Simenti haijashika muzuri."

"Maji iko kwa mulango."

Placide akafumbua macho. Walitazamana kwa mara ya kwanza, na Régina akaona kijana ana woga kama wake, na amechoka, na anampenda Léontine. Akamwambia kwamba nyumba ni ya mama. Mama akisema afungue, atafungua.

"Tukifungua sasa, itakuwa namna gani?"

"Leo maji itapita. Kesho bomba itaachia."

Régina aligeuka akakitazama kizingiti. Maji yalikuwa yanakilamba. Kile chumba alikikandika kwa vidole vyake, akakilainisha kwa jiwe, akaota ndani yake sauti ya mtoto.

"Basi acha iingie," alisema.

Nayo yakaingia. Aliyaona yakipita kizingiti, mekundu, bila haraka, yakienda chini ya kitanda, na hakuiachia kamba. Walivuta, wakapumzika, wakavuta, na kwa kuwa sasa walikwisha kuharibu kila kitu, walizungumza. Alimuuliza kama Léontine alikuwa anakula vizuri huko Kasongo. Placide akasema alikuwa anakula udongo wa kichuguu kwa siri, akidhani mume haoni. Régina akacheka katikati ya mvua mpaka kamba ikamtetemeka mikononi.

Hivyo ndivyo Gérard alivyowakuta, akitoka barabarani amelowa chapachapa: mkewe na mkwewe majini, vichwa wazi, mikono kwenye kamba moja, wanacheka. Alisimama kama mti. Kisha taratibu akawapa mgongo, akautazama ukuta wa jirani.

"Mimi sijaona kitu," alisema. Baadaye kidogo, bila kugeuka, akauliza kama kamba inahitaji mtu wa tatu, akaja kinyumenyume akaishika.

Mvua ilipunguza ukali. Placide alipenyeza mkono kwenye udongo uliofunika kiungio, akapapasa, akapapasa tena, akakuta saruji imeshika, na uso wake ukafunguka. Wakavuta wote watatu. Gunia likachomoka, na uwanja ukameza. Maji yalizunguka juu ya shimo kwa mlio mzito, yakavuta majani, maganda ya karanga, na bata mmoja wa jirani aliyeokolewa kwa shingo. Régina hakungoja kuona mwisho. Alikimbilia Kalonda, na nyuma yake alisikia miguu ya mkwe wake inakimbia pia, wakafika kwenye matete pamoja, na bomba lilikuwa linatapika uwanja wake wote kijitoni, jekundu, zito, kwa nguvu. Alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Aliporudi alimkamata yule kuku mwekundu akampa Placide, kuku wa kufuta aibu, na Placide akasema naye atamletea wake kutoka Kasongo.

Jumamosi Mama Marie-Thérèse alifika asubuhi, kapu la nguo za mtoto kichwani, na mbingu ilikuwa imeanza kunyesha tena. Barabarani, kabla ya kuteremka uwanjani, alivua viatu, akavikwapa, akapandisha kitenge mpaka juu ya magoti. Aliteremka akijinyoosha kama mtu anayeingia mtoni. Mguu wa kwanza ukagusa ardhi ngumu. Wa pili pia. Alifika katikati ya uwanja, kitenge juu, mapaja nje, na maji hayakuwepo. Yalikuwa yanakimbia pembeni mwake kuelekea kwenye wavu wa chuma, na kwenye wavu yanatoweka. Pascaline alikuwa barabarani na ndoo yake, bila shaka. Mama Marie-Thérèse aliteremsha kitenge.

Aliingia chumbani, akachuchumaa, akabandika kiganja sakafuni. Moto uliowashwa humo tangu jana ulikuwa bado haujamaliza kazi, na kiganja kilitoka na unyevu. Alimtazama mkwe mwenzake.

Régina angeweza kusema ni paa limevuja. Maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni. Lakini alisimulia yote: gunia, kamba, saruji mbichi, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyesema maji yaingie. Alisema pia aliongea na mkwe wake uso kwa uso. Sasa yule mama alikuwa na sababu mbili za kumchukua Léontine badala ya moja.

Mama Marie-Thérèse alisikiliza, kapu lingali kichwani. Alitoka mpaka mlangoni akautazama tena uwanja. Mvua ilikuwa imekaza, barabara inamwaga, na wavu unameza kila kinachokuja. Placide na Gérard walikuwa wanamchungulia kutoka chini ya paa la jiko.

"Kama sasa wewe na mutoto wangu munasemezana," alisema mwishowe, "mimi ndiye nitabaki peke yangu kule Lusangi, nangoja habari?" Akashusha kapu, akaliweka kitandani. "Mumuite Léontine. Na mimi mutanilaza wapi?"

Katika mipango yake yote Régina hakuwa amewaza jambo hilo. Alimtazama mwanamke huyu ambaye atakuwa naye usiku na mchana, atakayeonja kila chungu na kusahihisha kila kitu, mpaka mtoto azaliwe na pengine baada ya hapo. Kisha akaliinua tandiko lake mwenyewe, akalikung'uta, akamwonyesha upande wa ukutani.